Majua mawili, diski moja: uchague mfumo upi kati ya hii minne?

Msimu wa miradi ya wanafunzi ukikaribia huwa naulizwa swali lile lile: "Mwalimu, nikitaka kuandika juu ya sayari zinazozaliwa kwenye nyota pacha, nichukue ipi?" Mwanafunzi wa mwisho kuniuliza alikuja na picha mbili alizochapisha kwenye karatasi, moja ya V4046 Sagittarii na nyingine ya GG Tauri. Zote mbili zinaonesha pete yenye uwazi katikati. Chini ya kila picha alikuwa ameandika kwa kalamu ya bluu: "Uwazi umechimbwa na sayari." Nikamwomba akae tuzungumze, kwa sababu sentensi ile inaweza kutetewa vizuri kwenye picha moja, na kwenye nyingine ina kazi kubwa.

Mazungumzo yale ndiyo yaliyozaa makala hii. Nimeongeza mifumo miwili, HD 142527 na GW Orionis, ili anayechagua awe na uwanja mpana. Nawafikiria watu wa aina tatu: mwanafunzi anayetafuta mada, mwalimu anayeandaa kipindi cha klabu ya sayansi, na mpenzi wa anga mwenye darubini nyumbani.

Kwanza tukubaliane maneno. Nyota changa huzaliwa ikiwa imezungukwa na diski ya gesi na vumbi. Ndani ya diski hiyo vumbi hugandana likawa kokoto, kokoto zikawa majabali, na majabali yakaja kuwa sayari. Karibu nusu ya nyota zinazofanana na Jua letu zina mwenza, kwa hiyo swali la sayari kwenye nyota mbili linagusa sehemu kubwa sana ya anga. Na jibu la kwamba zinawezekana tunalo: mwaka 2011 darubini ya anga Kepler iliipata Kepler-16b, sayari inayozunguka nyota mbili kwa pamoja kila baada ya siku 229. Tunachotafuta kwenye mifumo hii minne ni hatua ya nyuma zaidi, yaani sayari zikiwa bado zinafinyangwa.

Nitatumia neno "kizio" kwa umbali wa Dunia hadi Jua, takriban kilomita milioni 150.

Vigezo vya kulinganisha

Kigezo cha kwanza ndicho kinachobeba vingine: alama tunayoiona kwenye diski imechorwa na nani? Kwenye nyota moja, ukiona pengo, sayari inakuwa mtuhumiwa wa mwanzo. Kwenye nyota mbili, nyota zenyewe zinaweza kufanya kazi ile ile. Zinapozungukana, mvutano wao hukoroga diski na kufagia gesi iliyo karibu. Hesabu za mwendo zinaonesha kwamba njia ya kuzunguka nyota mbili huanza kuwa tulivu kuanzia mara 2 hadi 4 ya umbali kati ya nyota hizo, ikitegemea njia yao ni duara au imerefuka. Kepler-16b iko kwenye mara 3 na kidogo, karibu kabisa na mpaka.

Ukitaka kulifahamu hili kwa mkono, chukua sinia pana, mimina maji ya kina cha kidole, subiri yatulie, kisha nyunyiza pilipili manga iliyosagwa juu yake. Weka vidole viwili katikati, vikiwa vimegusana, uvizungushe polepole. Pilipili iliyo karibu na vidole itacheza, ya ukingoni itakaa kimya. Sasa tenganisha vidole kwa upana wa kiganja uzungushe tena, na sehemu kubwa ya sinia itavurugika. Maji hayafuati mvutano kama nyota, lakini wanafunzi wakishaona hivyo hawasahau kwamba umbali kati ya nyota ndio unaoamua vurugu itafika wapi.

Vigezo vingine navitaja kwa ufupi. Dalili za sayari zina nguvu gani, na kuna maelezo gani mengine yanayoshindana nazo? Hadithi ya kisayansi imetulia au bado inageuka? Mtu aliye Afrika Mashariki anaweza kuielekezea darubini? Mwisho, kila mfumo nitasema unamfaa nani.

Nimeiacha nje HD 98800, ambayo diski yake imesimama karibu wima juu ya njia ya nyota zake. Ni ya ajabu, lakini pale mjadala mkubwa ni wa mkao wa diski, na dalili za sayari ni mada ya pembeni.

V4046 Sagittarii

*Nyota zenyewe.* Ni nyota mbili zinazokaribiana sana kwa uzito, kila moja ikiwa nyepesi kidogo kuliko Jua. Zinazungukana kila baada ya siku 2.4. Kati yake kuna kama kilomita milioni 6, mara 16 tu ya umbali wa Dunia hadi Mwezi. Mfumo uko umbali wa takriban miaka ya nuru 235, jirani kabisa kwa viwango vya diski za namna hii.

*Diski.* Mwaka 2010 David Rodriguez, Joel Kastner na wenzao walichapisha picha ya gesi yake waliyoipata kwa mtandao wa antena wa Submillimeter Array ulioko Mauna Kea, Hawaii. Gesi ya kaboni monoksidi ilionekana ikizunguka majua yote mawili kwa utaratibu, ikienea zaidi ya vizio 300. Vumbi limejikusanya kwenye pete pana yenye kilele karibu na kizio cha 32, na ndani yake kuna pete nyingine nyembamba karibu na kizio cha 13. Kwa kulinganisha, Neptuni iko kizio cha 30, na Zohali iko karibu na cha 10. Ukiichukua ramani ya mfumo wetu ukailaza juu ya diski hii, pengo la kati ya pete linaangukia eneo la Uranus.

Umri nao unashangaza. V4046 inasafiri pamoja na kundi la nyota changa la Beta Pictoris, ambalo lina umri wa takriban miaka milioni 20. Diski nyingi za gesi huwa zimekwisha kabla ya miaka milioni 10. Hii bado ipo, na ina gesi tele.

*Dalili za sayari.* Hapa ndipo mfumo huu unaponipendeza kuliko yote. Piga hesabu ya vidole kwenye sinia: nyota ziko umbali wa kizio 0.04. Mara 4 ya hapo ni 0.16. Nje ya mpaka huo diski inazihisi nyota hizi karibu kama nyota moja. Uwazi unaofika karibu na kizio cha 30 uko karibu mara 190 ya mahali ambapo mikono ya nyota inafika, kwa hiyo nyota zinaondoka kwenye orodha ya watuhumiwa. Mwaka 2015 kundi la Valerie Rapson lilitumia kifaa cha Gemini Planet Imager kilichoko Chile, likaona pete na pengo kwenye mwanga unaoakisiwa na vumbi, vikiwa katika maeneo ambayo sayari kubwa zingetarajiwa kuyaacha wazi.

Wapo washindani. Shinikizo la gesi linaweza kukusanya vumbi kuwa pete bila sayari, na mionzi ya nyota changa huweza kukausha gesi kutoka ndani kwenda nje. Sayari yenyewe haijapigwa picha. Hata hivyo, mwanafunzi yule angeandika "huenda umechimbwa na sayari, maana nyota haziwezi kufika pale," ningempa alama zake zote.

*Kuiona.* Iko kwenye kundinyota la Mshale, ambalo mabaharia wetu waliliita Kausi. Nyota angavu kuliko zote pale ni Kaus Australis, na neno la kwanza la jina hilo ni Kausi hiyo hiyo, kwa Kiarabu upinde. Kutoka hapo sogea nyuzi 2 na nusu hivi kuelekea kaskazini-magharibi. Mwangaza wake ni wa daraja la 10 na ushei (daraja likiwa kubwa, nyota ni hafifu zaidi), kwa hiyo darubini ya kipenyo cha milimita 100 na ramani nzuri vinatosha mahali penye giza. Mwezi Agosti, saa 3 usiku, ukiwa Dar es Salaam iko juu kabisa upande wa kusini, na Nairobi iko chini kidogo tu ya hapo. Wenzetu wa Ulaya ya kaskazini wanaiona kwa shida sana, au hawaioni kabisa. Utakachokiona ni nukta moja ya mwanga. Lakini nukta hiyo ni majua mawili.

*Inamfaa nani.* Mwanafunzi anayetaka hoja safi anayoweza kuitetea kwa hesabu za kidato cha nne, na mwalimu anayetaka mfano mmoja wa kulinganisha na mfumo wetu wa Jua.

GG Tauri A

*Nyota zenyewe.* Kwa miaka mingi iliandikwa kuwa nyota mbili, Aa na Ab, zinazoonekana zimetengana kwa takriban vizio 35. Mwaka 2014 kundi la Emmanuel Di Folco likagundua kwamba Ab yenyewe ni nyota mbili. Mbali zaidi kuna jozi nyingine, GG Tauri B. Jumla ni nyota 5. Umbali ni kama miaka ya nuru 450, na ni nyota changa sana, zenye umri wa miaka milioni chache tu.

*Diski.* Hii ni ya kihistoria. Mwaka 1994 Anne Dutrey, Stéphane Guilloteau na Michal Simon walitoa picha ya pete yake, na tangu hapo imekuwa mfano wa vitabuni wa diski inayozunguka zaidi ya nyota moja. Pete nzito iko kati ya vizio 190 na 280, na gesi inaendelea hadi vizio 800. Ndani ya uwazi, nyota Aa ina diski yake ndogo yenye uzito unaokaribia wa Mshtarii.

Hiyo diski ndogo ilikuwa kitendawili. Inamwagia nyota yake gesi kwa kasi ambayo ilitakiwa iwe imekwisha zamani. Nani anaijaza? Mwaka 2014 Dutrey na wenzake walichapisha jibu kwenye jarida la Nature. Kwa kutumia ALMA, mtandao wa antena 66 kwenye jangwa la Atacama nchini Chile, waliona gesi ikitiririka kutoka pete ya nje, ikivuka uwazi, ikaingia ndani. Pete ya nje inailisha diski ya ndani. Maana yake ni nzito kwa suala letu: hata mahali ambapo nyota zimevuruga kila kitu, akiba inaweza kufika karibu na nyota moja kwa muda wa kutosha sayari kujengeka.

*Dalili za sayari.* Tumia kanuni yetu. Mara 2 hadi 4 ya vizio 35 ni vizio 70 hadi 140. Ukingo wa pete uko karibu na 190. Nyota zinaelezea sehemu kubwa ya uwazi, lakini hesabu haifiki ukingoni, na wataalamu wamebishana muda mrefu kama njia halisi ya nyota ni ndefu au imeinama kuliko inavyoonekana kwetu. Ndiyo sababu sikuikubali ile sentensi ya kalamu ya bluu kwenye picha hii.

Dalili yenyewe ya sayari iko kwingine, upande wa nje wa pete, karibu na kizio cha 250. Kuna sehemu yenye joto kuliko jirani zake, na mwaka 2020 mwanaastronomia wa Vietnam, Nguyen Thi Phuong, na wenzake walionesha kwenye gesi mikono iliyojipinda inayolingana na sayari inayojijenga mahali hapo. Nawasimulia wanafunzi wangu habari za wanasayansi wa Hanoi kwa makusudi. Data waliyoifanyia kazi imetoka Chile, upande wa pili wa dunia. Na data za ALMA hufunguliwa kwa kila mtu baada ya mwaka mmoja tangu watafiti walioziomba wakabidhiwe, mtu wa Morogoro au Bujumbura akiwemo.

*Kuiona.* Ni ngumu kidogo. Iko kwenye kundinyota la Ng'ombe, karibu sana na Dabarani, nyota nyekundu angavu ambayo Ulaya wanaiita Aldebaran, isiyo mbali na Kilimia. Sogea nyuzi 1.3 tu kaskazini-magharibi ya Dabarani. Lakini mwangaza wake ni wa daraja la 12, na ukali wa Dabarani unasumbua, kwa hiyo tafuta darubini ya milimita 200 au zaidi na giza la kweli, kati ya Desemba na Februari.

*Inamfaa nani.* Anayependa mwendo wa gesi na anayetaka kusoma historia ndefu ya utafiti, tangu 1994 hadi leo. Kwa anayeanza kabisa inachosha, maana majina Aa, Ab1, Ab2 na B yanamaliza ukurasa wa kwanza kabla hujafika kwenye sayari.

HD 142527

*Nyota zenyewe.* Nyota kubwa ina uzito wa takriban mara 2 ya Jua. Mwenza wake mdogo alitambuliwa mwaka 2012 na kundi la Beth Biller. Umbali ni kama miaka ya nuru 510.

*Diski.* Picha zake ni za kuvutia kuliko zote kwenye orodha hii. Uwazi unaenea zaidi ya vizio 100. Vumbi la nje halikujipanga sawa, limelundikana upande mmoja kama kwato ya farasi. Diski ndogo ya ndani imeinama takriban nyuzi 70 ukilinganisha na ile ya nje, hata inaitupia vivuli viwili vinavyoonekana wazi.

*Dalili za sayari.* Ukitaka kuona jinsi mtuhumiwa anavyobadilika, soma hadithi hii kwa mpangilio wa miaka. Mwaka 2013 Simon Casassus wa Universidad de Chile na wenzake walichapisha picha za ALMA zilizoonesha mikondo ya gesi ikivuka uwazi, na maelezo yaliyopendekezwa yalikuwa sayari kubwa. Mwaka 2018 Daniel Price na wenzake waliiga mfumo kwenye kompyuta, wakaonesha kwamba nyota ndogo peke yake, ikiwa kwenye njia ndefu iliyoinama, inaweza kuzaa vyote: uwazi, vivuli, mikondo, na lile lundo la vumbi. Wengi walidhani kesi imefungwa. Kisha vipimo vya miaka ya karibuni vya mwendo wa nyota ile, vilivyochapishwa mwaka 2024 na kundi la Mathias Nowak, vikaonesha kwamba inazunguka kwa umbali wa wastani wa vizio 11 hivi tu. Mara 4 ya hapo ni 44. Haifiki kwenye ukingo wa uwazi unaozidi vizio 100. Kesi imefunguliwa upya, na sayari zimerudi kizimbani pamoja na maelezo mengine.

Wapo wanaoona hadithi ya namna hii ni udhaifu wa sayansi. Mimi naona ndiyo darasa bora: kila hatua ilisimama juu ya kipimo, na kipimo kipya kilipokuja, watu walikifuata.

*Kuiona.* Hii ndiyo rahisi kuliko zote. Mwangaza wa daraja la 8 unapatikana hata kwa darubini ya macho mawili yenye kipenyo cha milimita 50. Iko kwenye kundinyota la Dhibu (Lupus kwenye ramani), kusini-magharibi ya Nge, na kwetu inapanda vizuri mwezi Juni na Julai. Anayekaa London hawezi kuiona kamwe.

*Inamfaa nani.* Klabu ya mdahalo wa sayansi, na mwanafunzi wa chuo anayetaka kuandika juu ya namna ushahidi unavyopimwa. Haimfai anayetaka jibu lililokaa.

GW Orionis

*Nyota zenyewe.* Ni tatu. Mbili ziko umbali wa takriban kizio kimoja na robo, ya tatu inazizunguka kwa vizio 8 hivi. Mfumo uko miaka ya nuru 1,300 kutoka hapa, mbali kuliko yote kwenye orodha.

*Diski.* Pete tatu za vumbi, karibu na vizio 46, 188 na 338. Pete ya ndani haikulala sambamba na za nje, imepinda.

*Dalili za sayari.* Mwaka 2020 makundi mawili yalichapisha matokeo, kila moja kivyake. Kundi la Stefan Kraus wa Exeter, Uingereza, lilisema mvutano wa nyota tatu zisizozunguka katika bapa moja unaweza kuichana diski na kuipindua pete. Kundi la Jiaqing Bi wa Victoria, Kanada, likasema mvutano huo hautoshi, na kwamba huenda sayari iliyo kati ya pete ndiyo iliyoikata diski kwanza. Uigaji wa kompyuta wa Jeremy Smallwood na wenzake mwaka 2021 uliunga mkono upande wa sayari. Ikithibitika, itakuwa sayari ya kwanza kujulikana inayozunguka nyota tatu kwa pamoja.

*Kuiona.* Tafuta kichwa cha Jabari, nyota ya Meissa, kisha sogea nyuzi 2 na nusu hivi kaskazini-magharibi. Daraja lake ni karibu 10. Januari na Februari ndio wakati wake, na darubini ya milimita 100 inatosha.

*Inamfaa nani.* Mwenye msingi wa fizikia ya mzunguko na uvumilivu wa kuchora pete kwa pande tatu. Kwa watoto wa msingi, picha yake inavutia lakini maelezo yake yanateleza.

Uchague kwa hali yako

Ukiwa na wiki mbili na unahitaji hoja moja unayoweza kuithibitisha kwa kalkuleta, nenda na V4046 Sagittarii. Hesabu ya umbali wa nyota dhidi ya umbali wa pengo inaingia kwenye ukurasa mmoja, na ukurasa huo unabeba mradi mzima.

Ukiwa na muhula mzima na unataka kugusa data halisi, GG Tauri A ina hazina kubwa zaidi ya machapisho ya kukuongoza hatua kwa hatua. Onyo la vitendo: kwenye hifadhi ya ALMA, pakua picha zilizokwisha tengenezwa, usianze na data ghafi. Data ghafi za usiku mmoja zinaweza kufika makumi ya gigabaiti, na nimeona bando la mwezi likiisha kabla ya faili la kwanza kukamilika. Programu ya kuzisoma, CASA, ni ya bure. Fanya kazi hii chuoni kwenye mtandao wa waya ukiweza.

Ukiwa mwalimu wa klabu na una saa moja na wanafunzi 40, HD 142527 inagawanyika vizuri. Kundi moja litetee nyota, la pili litetee sayari, kisha wape kipimo cha 2024 katikati ya mdahalo uone watakavyojipanga upya. Sinia la maji na pilipili manga liwekwe mezani tangu mwanzo, kwa sababu pande zote mbili zitalihitaji.

Ukiwa unataka tu kutoka nje usiku ukaiona sehemu ambayo huenda sayari zinazaliwa, fuata kalenda. Juni na Julai chukua darubini ya macho mawili utafute HD 142527. Agosti na Septemba ni zamu ya V4046. Januari na Februari elekea Jabari kwa GW Orionis, na kama una darubini kubwa, jaribu GG Tauri siku ambayo mwezi haupo.

Ukiwa umeshasoma mfumo mmoja na unataka wa pili wa kulinganisha, chukua iliyo mbali nao zaidi kwa umbali wa nyota. V4046 na GG Tauri A zinaendana hivyo: kizio 0.04 upande mmoja, 35 upande mwingine. Mwanafunzi yule hatimaye alichukua zote mbili. Picha zake ni zile zile, ila chini ya GG Tauri alifuta maandishi ya kalamu ya bluu, akachora mshale kuelekea upande wa nje wa pete, na kando yake akaandika: "Mtafute hapa."